Wazaliwa wa Tarehe Moja

Daktari wa macho alimshika Fundi kidevu, akamulika jicho la kulia kwa kitochi. Mboni ilikuwa nyeupe pe, kama imemwagiwa maziwa. Akazima kitochi, akageukia kompyuta, akasoma. Akasoma tena. Kisha akamtazama Fundi kama mtu aliyeletewa sahani ya chakula ambacho hakukiagiza.

"Mama, hili jicho lilishapasuliwa."

"Lipi?"

"Hili la kulia. Mwezi wa tatu, hospitali ya ng'ambo ya mto. Mtoto wa jicho akatolewa, ukawekewa lenzi."

"Baba, mimi ng'ambo ya mto sijafika hata kwa kupotea njia."

Daktari aliwasha kitochi tena, akainama hadi Fundi akasikia pumzi yake. "Mtoto wa jicho yumo. Namwona."

"Basi si umemwona?"

"Nimemwona, lakini mimi simpeleki mtu chumba cha upasuaji kwa kuona kwangu." Akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Majina yanatoka humu. Na humu jicho lako ni zima."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha adabu. Jicho la kushoto lilikufa kwa surua angali mtoto. Hili la kulia ndilo lililomlea kwa cherehani, likashona nusu ya sare za shule za mtaa mzima, na sasa lilimwonyesha mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Alikuwa amesubiri zamu yake mwaka mzima. Mpasuaji mgeni yuko hapa wiki hii tu, na orodha yake inafungwa kesho Ijumaa saa sita. Baada ya hapo, mpaka mwakani.

"Nikisubiri mwakani?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Likiiva zaidi, presha ya jicho inapanda. Hapo hata tukilipasua, halitaona. Nenda dirisha la nne, kwa karani wa kumbukumbu. Wahi."

Alikwenda huku anapapasa ukuta. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu alilihesabu kwa kitasa chake kilicholegea. La nne lilikuwa na karani mwenye kucha ndefu. Ziligonga vitufe kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nimeshapona, nimekuja kulalamika."

Karani akacheka. Akagonga, akaacha, akagonga tena. "Aa. Mama, mmekuwa wawili kwenye faili moja."

"Na nani?"

"Mwenzako wa ng'ambo. Mwezi wa tano mifumo ya hospitali ilianza kusomana. Ukitibiwa kule, huku tunaona. Sasa ikikuta jina sawa, la baba sawa, wote wanawake, tarehe ya kuzaliwa sawa, inasema huyu ni mtu mmoja. Inawaunganisha."

"Na sisi tumezaliwa siku moja?"

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka ule ule."

Hapo Fundi alicheka kwa sauti. Aliikumbuka siku yenyewe, kompyuta zilipoletwa. Karani wa wakati huo alimwuliza siku aliyozaliwa, yeye akamwambia mwaka naujua, siku aliijua mama. Karani akasema kompyuta haitaki pengo, wasiojua wote tunawapa tarehe moja mwezi wa kwanza. Benchi zima la wazee liliandikwa hivyo. Fundi akawatania kwamba basi wote ni mapacha, mama yao kapata kazi. Hata kitambulisho kilipokuja, kilikuja na tarehe hiyo hiyo.

"Tutenganishe basi."

"Lazima mje wote wawili muweke vidole, mfumo uone ni watu wawili."

"Nitampata wapi?"

Karani alishusha sauti. "Kuna namba ya ndugu yake hapa. Hairuhusiwi, lakini lete simu."

Akampigia, akamrudishia. Fundi akaketi kwenye benchi, simu imebanwa sikioni. Siku nyingi hakuwa na wa kumpigia. Nyumbani aliongea na redio; msomaji wa habari akisema hujambo mpenzi msikilizaji, yeye humjibu sijambo, baba, akamwacha aendelee.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Sauti ya binti.

Fundi alijieleza polepole: hospitali, jicho, faili, mama yako.

"Mama alifariki," binti akasema. "Wiki ya sita hii."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Na nyie hospitali bado mnanitumia ujumbe. Mgonjwa wako anakumbushwa kuhudhuria kliniki. Kila Jumatatu! Jamani, nimhudhurishe vipi?"

"Mimi si hospitali, mwanangu. Mimi ni yeye." Akajirekebisha. "Wananiita yeye."

Binti akavuta kamasi. "Alikuwa anaona, lakini. Walipomfungua bandeji, neno la kwanza aliniambia umenenepa."

Walicheka wote wawili, na hakuna aliyekata simu.

"Cheti cha kifo ninacho," binti akasema. "Kesho asubuhi nakileta. Nao waniache, na wewe upate jicho lako."

Fundi alirudi dirishani karibu anakimbia, akagonga goti kwenye kiti cha mtu. Alipomaliza kueleza, kucha ziliacha kugonga.

"Asikilete."

"Kwa nini?"

"Nikiingiza cheti, faili linafungwa. Na faili ni moja, mama."

"Kwa hiyo na mimi nakufa."

"Kwenye mfumo tu."

"Na jina la kwenda kupasuliwa linatoka wapi?"

Fundi aliegemea ubao wa dirisha.

"Nifungulie jipya."

"Nikiandika jina na tarehe yako, linanirudisha kule kule."

"Weka tarehe nyingine. Tarehe mbili. Nani atauliza?"

"Kitambulisho kitauliza. Kuna mzee nilimfanyia hivyo, nikapewa barua ya onyo. Ya pili ni kazi, mama, na nina watu nyumbani wanaonitegemea."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akampa simu apige tena. Binti alipopokea, alimwambia asilete cheti.

"Kwa hiyo niendelee kupokea huo ujumbe?"

"Vumilia kidogo, mwanangu. Mpaka nipasuliwe."

"Lini?"

Fundi alisikia watu wakikohoa nyuma yake kwenye foleni. "Nitakupigia," akasema.

Karani alituma ombi kwa watu wa mfumo, makao makuu. Jibu likaja papo hapo, la mashine: ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku tisini za kazi. Alilisoma mara moja, kwa haraka.

"Kesho saa sita si iko ndani ya hizo tisini?" Fundi akauliza.

"Iko, mama."

"Haya."

"Kabla hujaondoka, saini hapa."

"Ya nini?"

"Kwamba umehudumiwa. Bila hiyo mfumo haunifungulii anayefuata."

Fundi alitafuta karatasi. Vidole vilikuta ubao wa dirisha, ukingo wa kioo, kikombe. Karani akapitisha mkono kwenye tundu, akamshika mkono wake, akamwekea kalamu, akauongoza hadi kwenye mstari. Mkono wa karani ulikuwa laini, wa moto. Tangu watu walipopanga mstari kumpa pole siku ya mazishi ya mumewe, miaka minne, hakuna aliyekuwa amemshika mkono.

Akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja. Akamaliza. Kalamu ikaanguka upande wa pili.

"Mama," karani akasema, kwa upole, "niachie mkono. Kuna watu nyuma yako."