Wastani wa Mzee Vavra

Asubuhi ile Britta Haugen alikuwa gereji, anahutubia friza kama mazoezi. Ndani ya friza mlikuwa na nyama ya paa aliyewindwa na baba yake, na juu ya mfuniko alikuwa ametandaza karatasi zake za takwimu. "Habari za asubuhi, wazee wangu," aliiambia friza, na hata hapo sauti ikamkwama. Alikuwa na haya ya kuzaliwa nayo. Darasani akijua jibu anamnong'oneza Corinne, na Corinne ndiye ananyoosha mkono.

Ni huyohuyo Corinne Vavra aliyemtia kwenye shughuli hii. "Shoga, takwimu za timu ya shule unaandika wewe," alimwambia. "Mimi nikisema babu yangu alikuwa bingwa, watasema najipendelea. Wape namba, wanyamaze."

Babu yake, Lowell Vavra, zamani alikuwa mpiga teke wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, yule anayeitwa uwanjani timu ikikwama, aupeleke mpira mbali ili wapinzani waanzie nyuma kabisa, karibu na kwao. Watu wa kazi hiyo hawaimbwi. Kwenye Ukuta wa Magwiji, pale koridoni, hakuna hata mmoja. Mwaka huu kamati ilikubali kumweka mmoja tu, na majina yaliyobaki yalikuwa mawili: Lowell Vavra na Rusty Benes, mpiga teke wa miaka mingine. Na kanuni yao ni kwamba jina likikataliwa, halirudi mezani mpaka miaka kumi ipite. Lowell alikuwa na themanini na moja.

Britta alipekua magazeti ya zamani ya mji pale maktaba, akakusanya kila teke la kila mpigaji, akatafuta wastani wa yadi. Hata watangazaji wa mpira wanapima hivyohivyo. Benes akawa wa kwanza. Lowell akawa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Britta akashtuka. Alitaka kumpigia Corinne simu, akasema kesho, kesho ikafika akasema namba ni namba. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia: alitamani, mara moja tu, watu wamsikilize yeye.

Kwenye staftahi ya kupigia kura, ukumbi wa chakula wa shule ulinukia chapati za maji na soseji. Akina mama wenye asili ya Kicheki walikuwa wameleta mikate yao ya plamu, na wazee wa mji mzima walikuwa wamevaa jaketi nyekundu za timu, nyingine zimegoma kufunga vifungo. Lowell alikaa meza ya mbele, nywele kazichana kwa maji, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Corinne alikuwa pembeni yake. Alimwonyesha Britta dole gumba.

Britta akasimama, akasoma. Mwanzo hakuna aliyesikia. "Paza sauti, mwanangu, masikio yetu ni ya vita vya zamani!" mtu akapiga kelele. Akapaza. Akataja majina, akataja yadi, akafika kwa Lowell, na ukumbi ukanyamaza. Hapo ulimi ukamteleza. Au haukuteleza, maana sentensi ile alishaijaribu kwenye friza.

"Kwa wastani huu," akasema, "mpira wa Mzee Vavra ukitaka kufika mbali, ingebidi upakiwe kwenye trekta."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, mmoja kahawa ikampalia. Britta alikuwa hajawahi kuchekesha watu tangu azaliwe, na kile kicheko kilimwingia mwilini kama supu ya moto siku ya theluji. Lowell naye alicheka. Alijifuta mdomo kwa kitambaa cha karatasi, masikio yamemwiva.

Corinne hakucheka.

"Chekeni tu!" Ostry, mzee mmoja mnene aliyecheza na Lowell, akainuka. "Mmesahau fainali na Plum Hollow? Tunakwama katikati ya uwanja, Lowell anaupiga, puu, unalala mlangoni mwao. Tunakwama tena, unalala mlangoni mwao. Mara nne! Wale vijana walikuwa wanaanzia karibu na choo chao!"

"Ostry, hadithi hiyo tunaisikia tangu ukiwa na meno!" mtu akadakia.

"Na nitaisimulia mpaka nizikwe!"

Watu wakacheka tena, lakini Britta alikuwa anaangalia karatasi yake. Fainali na Plum Hollow. Kwenye hesabu zake, hiyo ndiyo ilikuwa mechi mbovu kuliko zote alizocheza Lowell.

Hapo akaelewa. Mtu anayepiga kutoka katikati ya uwanja hana nafasi ya kupiga mbali. Akizidisha, mpira unavuka mstari wa mwisho, na wapinzani wanasogezwa mbele bure. Inabidi aupime. Timu ya enzi za Lowell ilikuwa kali, ilikwama mbele, kwa hiyo siku zote alipiga mfupi. Ile ya enzi za Benes ilifungwa na kila aliyeshuka kwenye basi. Ilikwama mlangoni pake yenyewe, na Benes alikuwa na uwanja mzima wa kutandika. Britta alikuwa amempa Benes zawadi kwa ubovu wa wenzake.

"Haya, Ostry, hadithi tamu," akasema bwana Dworak, mwenyekiti wa kamati. "Lakini mtoto katuletea sayansi. Binti Haugen, una la kuongeza kabla hatujanyoosha mikono?"

Alikuwa nalo, tena limekaa kwenye ncha ya ulimi. Akainua macho, akaona ukumbi mzima unamtazama kwa tabasamu, nyuso zilezile ambazo jana zisingejua jina lake. Aseme nini? Kwamba alichowachekesha nacho ni uongo?

"Hapana, bwana."

Mikono ikanyooshwa. Ya Lowell ilihesabika haraka.

Watu walipoanza kukunja viti, Corinne alipita karibu yake bila kusimama. "Trekta, Britta? Babu yangu?"

Lowell ndiye aliyesimama. Akampa mkono, mkubwa na mkavu. "Umeongea vizuri, mwanangu. Mimi mbele za watu hutetemeka mpaka magoti."

Mchana alirudia kazi yote, safari hii akiangalia wapinzani walianzia wapi baada ya kila teke. Lowell akawa wa kwanza, na wa pili hakuonekana hata kwa darubini. Akampigia Dworak, akamweleza.

"Ah, mwanangu," akasema Dworak, anatafuna kitu. "Jina la Benes limeshaenda kwa mchonga shaba. Tukianza kurudia kura katika mji huu, hatutalala. Usijisumbue."

Basi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwandikia Corinne ujumbe. Alifuta kila sentensi iliyoanza na "lakini". Zikabaki hizi:

"Nilikosea hesabu. Babu yako ndiye bora kuliko wote. Na nililijua hilo kabla ya kura, Ostry alipokuwa anaongea. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa bado wananitabasamia. Naomba nije nimwambie mwenyewe, leo."

Akautuma. Baada ya muda kidogo simu ikaonyesha kwamba Corinne ameusoma. Chini, mama yake akamwita aje amenye viazi. Akajibu anakuja, akabaki palepale, simu mkononi, anangoja jibu.