Taa Mbili za Tingatinga

Mulei alikuwa amelala chali chini ya bampa ya Pijo 404, uwanjani kwake Kawangware, akitafuta mahali pazuri pa kufungia waya wa eathi. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati, kisha akauvuta waya mara moja. Hakuamini waya ambao hajauvuta.

Gari lilikuwa la Opondo wa Sarang'ombe, Kibera, aliyesafirisha maiti za watu wa kwao kwenda kuzikwa upande wa Ziwa, jeneza likifungwa juu ya keria. Ukungu wa njiani, kwenye milima ya Timboroa, ulikuwa umemchosha. Ndiyo maana alinunua spotlaiti mbili kubwa kwa wauza vyuma vikuukuu, zilizong'olewa kwenye tingatinga lililokufa injini.

"Fundi, si uunganishe tu moja kwa moja na swichi?" Opondo alisema. "Hiyo relei ni ya nini?"

"Hizi taa zinakula moto mwingi, mzee. Ukiupitisha kwa swichi, itaungua na kidole chako. Swichi itoe amri tu. Kazi ngumu ifanywe na relei, huku mbele."

"Kama wakubwa."

"Kama wakubwa," Mulei alikubali, akaingiza fyuzi.

Giza lilipoanza kuingia walizijaribu. Mulei alibonyeza swichi, relei ikalia tik, taa zikamulika ukuta wa mabati wa kinyozi ng'ambo ya barabara. Badala ya mabati ikaonekana safu ya nyumba za udongo, ya tatu ikiwa na mlango wa bluu na kufuli nje. Kwenye dirisha dogo kando ya mlango alikuwapo mtoto wa kike, amekinga macho kwa mkono.

Kinyozi alitoka, akatazama, akarudi kumalizia kichwa cha mteja.

"Huyo ni Daisy," Opondo alisema. "Wa Adero."

Mulei alipima betri. Ilikuwa sawa.

Adero aliuza omena, dagaa wa Ziwa, na aliishi katika safu ile huko Kibera. Alfajiri moja ya mwaka uliotangulia alikuwa ameenda soko la Gikomba kununua bidhaa, na kama akina mama wote wa safu ile, alimfungia mtoto kwa kufuli la nje ili asitangetange karibu na reli. Aliporudi, tingatinga lilikuwa limepita, nyumba hazikuwapo. Vifusi vilikuwa vimepakiwa kwenye malori na kwenda kumwagwa pasipojulikana. Afisa aliyesimamia ubomoaji alisema nyumba zote zilikuwa tupu, na ile yenye kufuli ndiyo iliyokuwa tupu kabisa, maana nani hujifungia kwa nje akiwa ndani? Kwa hiyo hakukuwa na mtoto wa kutafutwa wala wa kuzikwa. Kule nyumbani Ziwani wazee walingoja kuambiwa kama walie au wasilie.

Kesho yake jioni walilipeleka gari Kibera, wakaliegesha kuelekea ukuta wa mawe uliojengwa pale safu ilipokuwa, nyuma ya mtaa wa Olympic. Majirani wa zamani walikuja na vigoda, kila mmoja akitafuta mlango wake. Mzee Shiundu alifurahi kuona gambuti zake bado ziko nje.

"Mnaona?" alisema. "Na mlisema nimeziuza nikanywa."

Adero alisimama kando ya taa kwa muda mrefu.

"Zinamuumiza macho," alisema. "Punguza, fundi."

Mulei alifunika vioo kwa karatasi ya njano. Daisy akashusha mkono. Shavuni alikuwa na alama ya mkunjo wa shuka, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Opondo alimwendea yule afisa, naye akaja bila ubishi. Alivaa miwani, akatazama kwa makini.

"Naona kufuli," alisema.

"Na dirishani?"

"Nilivyosema. Nyumba ilikuwa imefungwa."

"Dereva wa tingatinga alikaa nyuma ya taa hizi hizi," Opondo alisema. "Aliona hivi tunavyoona."

"Dereva haangalii madirisha. Anangoja amri." Kisha aliwakumbusha kwamba spotlaiti hufunikwa gari likiwa mjini, akawatakia jioni njema.

Adero alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo. Alitembea kuelekea mlango wa bluu, lakini kivuli chake kilimtangulia, kikafunika mlango, kufuli na dirisha. Alirudi.

"Nikimfuata namzima," alisema.

"Pole, Mama Daisy," Mulei alisema. "Nipe mpaka kesho."

Kesho yake alikuja na waya mrefu. Alizifungua taa kwenye bampa, akazifunga juu ya vigingi, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, zimulike kwa mshazari. Alivuta kila waya mara moja. Adero alipotembea, vivuli vyake viwili viliangukia pembeni, na kufuli likabaki peupe mbele ya mkono wake. Daisy alimtazama, akaondoka dirishani. Majirani walijua ameenda kusimama nyuma ya mlango, kama alivyozoea akisikia mama amerudi na beseni.

Ufunguo uligonga jiwe.

Adero alijaribu tena taratibu, kama mtu anayebembeleza kufuli lenye kutu. Jiwe.

Tangu hapo alikuja kila jioni. Pale penye kufuli ukuta ulianza kuchimbika, tundu la kutosha ncha ya ufunguo. Kila asubuhi askari aliyelinda ukuta aliliziba kwa simiti, kwa kuwa alikuwa ameambiwa ukuta usiwe na tundu. Alikuwa kijana mstaarabu, alilainisha vizuri. Opondo aliziacha zile taa pale pamoja na relei na betri nyingine, akarudi kupita Timboroa kwa taa zake za kawaida, na kule Ziwani wazee waliendelea kungoja.

Mulei aliongeza maji ya betri, akabonyeza swichi, relei ikalia tik. Chini ya mlango wa bluu, kwenye upenyo, vilionekana vidole vya miguu miwili midogo, vimesimama tayari.