Grafu Iliyoshuka kwa Adabu

Tangu nianze fizikia sijawahi kupika matokeo ya praktiko. Naliweka hili mapema, ili msomaji ajue anaongea na mtu wa aina gani. Wenzangu wa kidato cha pili wanapika, tena wengine wanapika bila hata kuonja. Mie Suleiman, mkazi wa Ukonga (na usiniulize nimetoka lini, kila mtu anauliza, gereza si langu), mie ni mtu wa ukweli. Kipimajoto kikisema arobaini, naandika arobaini.

Haya. Sasa tuje kwenye ile Ijumaa.

Shule yetu ni ya masista, na fizikia anatufundisha Sista Eufrasia, mwanamke mfupi anayevaa raba nyeupe chini ya kanzu yake ya utawa, ndiyo maana humsikii akija. Muhula ule alikuwa anapanga nani aingie mchepuo wa sayansi. Majina ya wengine aliyaandika kwa kalamu. Langu aliliandika kwa penseli.

"Suleiman," aliniambia, "mdomo wako una A. Mkono wako bado sijauona. Praktiko ya Ijumaa ndiyo itaniambia nitie wino au nichukue kifutio."

Nyumbani wino ulishatiwa siku nyingi. Mama yangu, Bi Hamisa, ana mdomo kama wangu, maana ndiko nilikoutoa. Pasi ya jirani ikiungua anamwambia, "Ilete kwa Sule, injinia yupo," na mie hiyo pasi hata kuigusa naogopa. Mtaa mzima ulikuwa unanijua kwa kazi ambayo sijaisomea. Kuambiwa niende mchepuo mwingine kusingekuwa kuhama darasa tu, ingebidi nihame na mtaa.

Praktiko yenyewe haikuwa na makeke. Unaweka nta kwenye neli ya majaribio, unaiyeyusha ndani ya maji ya moto, unatumbukiza kipimajoto. Ikifika nyuzi themanini unaitoa kwenye maji, unaiacha ipoe, na kila dakika unasoma na kuandika, kwa dakika thelathini. Nta ilitoka kanisani. Ni vipande vya mishumaa ya altare ambavyo mwenzangu wa meza, Nikodemu, mtumishi wa altare, alivikusanya kwenye kopo la maziwa.

"Siwaambii kitakachotokea," alisema Sista. "Andikeni mnachokiona. Hata kikiwa cha ajabu."

Shida ya meza yetu ilikuwa siku. Ijumaa ya Kwaresima. Mie nina swala ya Ijumaa, Nikodemu ana Njia ya Msalaba, na msalaba wenyewe anaubeba yeye. Sista akapanga vizuri kabisa: mie niende msikitini, Nikodemu abaki ayeyushe nta. Saa saba na nusu niwe nimerudi, nipokee kazi, yeye aende kanisani. Sista naye angekuwa huko huko akiongoza nyimbo. Maabara ingebaki na Mzee Albano, mtunza maabara wetu, ambaye anaosha vyombo, anafunga madirisha, na akiongea sana siku hiyo amesema "angalia moto."

"Sule, saa saba na nusu," Nikodemu alinikumbusha getini. "Sio saa saba na nusu yako. Ya saa."

"Braza, kabebe msalaba wako. Ya maabara niachie mie."

"Ndiyo hiyo naiogopa."

Swala iliisha saa saba na robo. Kutoka msikitini hadi getini ni hatua kama mia tatu, na katikati ya hizo hatua mia tatu kuna karai la Mwajabu, muuza mihogo.

"Injinia!" aliniita. "Leo chachandu nimetia ukwaju."

"Nina praktiko, dada Mwajabu. Nawahi."

"Mhogo mmoja umemkawiza nani?"

Ni kweli, mhogo mmoja haujamkawiza mtu. Minne ndiyo inakawiza. Halafu pale karaini kulikuwa na jamaa wawili wanabishana kuhusu penati ya juzi, na wote wawili walikuwa wanakosea. Mtu mwenye elimu yake hawezi kuuacha umma kwenye giza. Nilipomaliza kuwasahihisha, ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Niliingia maabara nikihema. Nikodemu hayupo. Mzee Albano hayupo, nasikia maji nyuma kwenye sinki la kuoshea. Na nta yetu, ambayo ilipaswa kunisubiri ikiwa maji, imeganda, nyeupe pe, kipimajoto kimesimama katikati yake kama bendera ya ofisi ya kata. Kinasoma hamsini.

Meza ya jirani walikuwa Rabab na Lulu. Rabab baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi kule Temeke, na yeye mwenyewe ana hulka ya dukani: hakitoki kitu bila kupimwa. Macho hayakutoka kwenye kipimajoto chake, lakini alisema, "Sule, umechelewa. Mzee Albano ali..."

"Sijachelewa, nimetoka swala moja kwa moja," nikamkata. "Shughulika na nta yako."

"Nataka kukwambia kwamba..."

"Rabab. Nta yako."

Akasoma kipimajoto chake, akaandika. Naomba mkumbuke kwamba alitaka kuniambia.

Vidole vyangu vilikuwa na mafuta na chachandu. Chini ya rafu ya neli niliona karatasi, ukurasa uliochanwa kwenye kalenda ya parokia, nyuma yake pana tarakimu za penseli. Nikadhani ni ya kipindi kilichopita. Nikafutia vidole, kimoja kimoja, nikaikunja, nikaitupa kwenye pipa. Usafi ni nusu ya imani.

Halafu nikafikiri. Na kufikiri kwangu ndiyo hatari.

Nta ilianza themanini, hilo Nikodemu alikuwa ameshaliandika kabla hajaondoka. Imeishia hamsini, hilo naliona kwa macho yangu. Themanini kutoa hamsini ni thelathini. Dakika nazo thelathini. Jamani! Kama si Mungu kunionea huruma ni nini hiki? Uzi mmoja kila dakika! Nikaandika: themanini, sabini na tisa, sabini na nane. Huko siko kupika. Kupika ni kutia vitu usivyokuwa navyo, na mie mwanzo ninao na mwisho ninao, nimejaza katikati tu, kama mtu anavyojaza mchanga kwenye shimo.

Jioni nilichora grafu. Nakuapia, ilikuwa nzuri. Mstari umenyooka kama rula, maana nilitumia rula. Nikodemu aliikopi bila swali, akanishukuru, akasema alinidhania vibaya. Nikamwambia yaishe.

Jumatatu asubuhi, kabla Sista hajaingia, nikapita kukagua za wenzangu. Ya Rabab ilinisikitisha. Ilianza vizuri, ikashuka kwa kasi, ilipofika hamsini na saba ikalala. Ikalala kabisa! Dakika kumi na nne, hamsini na saba, hamsini na saba, kama daftari la mtoto anayeadhibiwa kuandika mstari mmoja. Ndipo ikashuka tena.

"Kipimajoto chenu kilisinzia," nikamwambia.

"Ndivyo kilivyosoma."

"Dada, kitu kinapoa halafu kinaacha kupoa? Umeona wapi? Chai yenu nyumbani inasimama njiani kupumzika? Chukua kifutio, ninyooshee hapa, nitakusaidia."

Lulu alitaka kucheka. Rabab alinitazama kwa namna ambayo sasa naielewa. "Sule," akasema taratibu, "kakae."

Sista akaingia na raba zake. Alikuwa na orodha ya mchepuo mkononi, akaiweka mezani, akafungua kalamu ya wino. Akapita meza hadi meza. Kwa Rabab akaitikia kwa kichwa kidogo. Kwetu alisimama muda mrefu.

"Suleiman. Grafu hii imeshuka kwa adabu sana."

"Asante, Sista."

"Njoo mbele utueleze."

Nikaenda. Sikuitwa mara mbili. Nikaeleza namna joto linavyotoka kwenye nta kidogo kidogo, bila pupa, uzi mmoja kila dakika, na nikaongeza kwamba baadhi ya meza zilipata matatizo ya vifaa, lakini nisingependa kutaja majina. Nikamtazama Rabab. Kalamu ya Sista ilikuwa juu ya jina langu, nusu inchi tu.

"Na ilipoanza kuganda," Sista akauliza, "ilikuwa dakika ya ngapi?"

Hilo sikulipika.

"Ya... kumi na nane, Sista."

"Uliiona?"

"Kwa macho haya. Sikubanduka. Nilitoka swala moja kwa moja, saa saba na nusu nikakaa, saa nane nikainuka."

Nikodemu, nyuma, alikuwa anaitikia kwa kichwa, maskini, kwa fahari. Kalamu ikashuka kidogo.

Mlango ukagongwa. Mzee Albano aliingia na koti lake la bluu, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," wakajibu wenzangu. Mie nikasema shikamoo.

"Marahaba. Samahani Sista, nakatiza. Vijana wa meza hii walisahau karatasi yao Ijumaa. Nimeiokota kwenye pipa wakati nafagia, nadhani ilianguka." Alikuwa ameinyoosha. Ilionekana ameilalia, au ameiweka chini ya kitu kizito. "Nikodemu alipoondoka aliniambia mwenzake anakuja sasa hivi. Nikangoja, hakuja, na saa ya ukutani haingojei mtu. Basi nikakaa kwenye stuli nikawasomea. Dakika zote thelathini. Nikawawekea chini ya rafu waikute."

Sista aliipokea. Akasoma kimya. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ila Sista, nisamehe," Mzee Albano akaendelea, amepunguza sauti kama anaungama. "Pale hamsini na saba kilinigomea. Nilidhani nimeharibu chombo cha shule. Lakini ulisema waandike wanachokiona, basi nami nikaandika hivyo hivyo."

"Hukuharibu, Mzee Albano," Sista akasema, na sijawahi kumsikia akiongea na mwanafunzi yeyote kwa sauti ile. "Nta inapoganda haipoi mpaka imalize kuganda. Hiyo hamsini na saba ndiyo somo lenyewe. Umeliona."

Rabab hakugeuka kunitazama. Afadhali angegeuka. Nikodemu kichwa kilikuwa kimeacha kuitikia.

Sista akaigeuza karatasi kwenye mwanga. Alama nne nyekundu za vidole, na mafuta yameilowesha hadi upande wa pili. Akainusa.

"Ukwaju," akasema. "Mzee, ulikula maabara?"

"Mie?" Mzee Albano alirudi nyuma hatua moja, ameshtuka kweli. "Ijumaa ya Kwaresima, Sista? Nilikuwa nimefunga."

Nikasikia kifuniko cha kalamu kikirudi mahali pake. Mzee Albano akaitazama karatasi, akautazama mkono wangu wa kulia, ambao nilikuwa nauingiza mfukoni polepole, na kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia akaniuliza mbele ya darasa zima:

"Au ni wewe, baba, maana nilikuona kwa Mwajabu nilipotoka kukuangalia getini?"