Mbuzi wa Kimanzi na Kibuyu Kisichoguswa na Sindano

Huku kwetu Katangi hakuna mwanamke anayejua sheria kunishinda. Nimesoma mpaka darasa la sita. Tuseme la tano, maana la sita nilikaa siku nne, na hizo siku nne nilikuwa nimetumwa kumpelekea mwalimu maziwa.

Sheria yenyewe niliipata kwa redio. Wakili mmoja mwenye sauti ya kubembeleza alikuwa akieleza fidia. Watu hufikiri fidia ni kulipa tu, akasema, kumbe sivyo. Kwanza mkosaji akiri. Halafu aombe msamaha. Halafu arudishe kitu kilivyokuwa kabla hajakiharibu. Na kama hakiwezi kurudi kilivyokuwa, atoe kingine chenye thamani ile ile. Hapo mwisho niliongeza sauti ya redio.

Maana asubuhi hiyo hiyo mbuzi wa jirani yangu Kimanzi alikuwa ameingia jikoni kwangu, akapanda juu ya gunia la mahindi, akaangusha kibuyu changu cha uji. Kikapasuka kutoka shingoni mpaka tumboni. Mbuzi mwenyewe alikuwa jike la kahawia, ana mimba, kiwele kimejaa. Mimi tangu mbuzi wangu afe nakunywa chai ya rangi, na chai ya rangi kwa mtu wa umri wangu ni Kwaresima ya mwaka mzima. Nilimtazama yule mbuzi, nikatazama kibuyu, nikaona thamani yao inalingana kabisa.

Kimanzi ni mtu mpole. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akakiri, akaomba msamaha, yote kabla sijaketi vizuri. Akasema atanitafutia fundi akishone.

"Kimanzi," nikamwambia, "hiki mama yangu alinipa siku niliyoolewa, na tangu siku hiyo hakijaguswa na sindano. Ukikishona utakuwa umenirudishia kibuyu kingine."

Nikamsomea sheria yote ya redio, kituo na saa nikamtajia. Akauliza sasa nataka nini. Nikajibu kwamba mimi si mtu wa kusumbua majirani, huku namtazama mbuzi.

Shauri likafika kwa Kaluki, mwenyekiti wetu wa mwethya, kile kikundi cha akina mama tunaochimba matuta pamoja. Yeye hapendi ugomvi, anasema unapunguza matuta. Jumamosi akaja uani kwangu na wenzake watano, na Kimanzi nyuma yao akimvuta mbuzi. Kaluki akaniuliza mbele ya wote kama ni kweli kibuyu hakijawahi kushonwa. Nikasema hakijawahi. Na kwa vile nilikuwa nimeshapata moto, nikaapa kwa marehemu mume wangu, ambaye kwa bahati nzuri hawezi kuulizwa.

Wakanong'onezana, wakaona nina haki. Nikampokea mbuzi, nikamfunga kwenye nguzo ya jikoni. Jina nilikuwa nimeshampa, Zawadi.

Kaluki akasema limebaki jambo dogo tu. Fundi athibitishe kwamba kweli kibuyu hakiwezi kurudi kilivyokuwa, na fundi ameshamwita, Susu Katunge, yule nyanya wa ng'ambo ya kijito. Nikaanza kutafuta sababu ya kuahirisha. Halafu nikaacha. Katunge macho yake yana ukungu siku hizi, hawezi kutofautisha kuku na kiatu. Nikamwekea kigoda mimi mwenyewe, pahali penye kivuli kizito.

Akapakata kibuyu. Kidole gumba kikashuka na ufa polepole, kikasimama, kikarudi juu, kikasimama tena. Akaanza kukwaruza kwa ukucha yale mafuta na masizi niliyoyapaka miaka mingi. Akavuta kitu. Kilikuwa kipande cha uzi wa katani, mweusi kama mkia wa panya.

"Mbithe," akasema, "fundo hili la kushoto ni langu. Nilikushonea mwaka ule ulipompiga nacho mumeo kichwani."

Akina mama wakashikana mabega kwa kicheko. Mmoja ilibidi aketi chini.

Nikasema labda Susu anachanganya, labda kile kilikuwa kibuyu kingine kilichofanana na hiki. Kaluki akaniuliza taratibu kabisa mama yangu alinipa vibuyu vingapi.

"Kimoja," nikajibu, na neno lilikuwa limeshatoka.

Kimanzi akainuka, akachukua kibuyu kutoka kwa Katunge, akakifutafuta vumbi.

"Mwaitu," akaniita kwa heshima kama mtu amwitavyo mama yake, "redio ilisema kitu kirudi kilivyokuwa?"

Nikakubali kwamba ilisema.

"Kilikuwa na ufa," akasema, akanipakatisha, akaenda kumfungua mbuzi.