Kofia ya Daktari Ghalib

Wallahi, haya ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, nitamlipa sahani nzima ya halua.

Mwaka ule kabla ya uhuru, Mzee Mwidani, mwadhini wa Jomvu Kuu, aliogopa jambo moja tu: kuipoteza miguu yake. Mgongo ulimuuma tangu msimu wa kaskazi. Alipigwa chuku mgongoni kutolewa damu, akakandwa kwa mafuta ya nazi, na kila mtu akamwambia ni uzee. Sasa nyayo zilimfa ganzi, na alfajiri moja alianguka mlangoni mwa msikiti, hajaadhini.

Mkewe, Bi Tumu, akampeleka Changamwe kwa Daktari Ghalib. Daktari hakumgusa. Alivua kofia yake, akaiangusha sakafuni makusudi.

"Babu, niokotee."

Bi Tumu alipandwa na mori. "Mtoto wa juzi wewe! Mzee kama huyu akuokotee?"

"Niwie radhi, mama. Nataka kuona aokotavyo."

Mwidani aliona haya, lakini akatii. Hakuinama. Alishuka kwa magoti, mgongo umenyooka kama mlingoti, mkono umeng'ang'ania paja.

"Mgongo wa uzee huinama ukiguna," alisema daktari. "Huu hauthubutu. Usiku hutoka jasho?"

"Mashuka nayakamua," alidakia Bi Tumu.

"Amekonda?"

"Kanzu yamuogelea."

"Basi nahofia ni kifua kikuu, kimeingia mfupani."

"Lo! Na hakohoi?"

"Si lazima akohoe, mama."

Eksirei ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa, na usaha uliovutwa kwa sindano ukakutwa na vijidudu. Mwidani akamtazama kijana yule kama atazamaye mwezi mwandamo. Wote walimtazama mgongo. Huyu peke yake alitazama namna ya kuokota kofia.

Akachomwa sindano, akameza vidonge, akafungwa plasta kiwiliwili kizima miezi na miezi. Ganzi ikaondoka. Siku ya Idi alitoka mbio, akalipita lori la Changamwe, akafika msikitini kabla ya imamu...

"Muongo!" Bi Tumu alinidaka pale pale barazani kwake nilipokuwa nasimulia. "Alikwenda kwa bakora, na bega langu! Halua i wapi, yakhe?"

Nikalipa. Tulipokuwa tukila, kipande kikaanguka mkekani. Mzee Mwidani akashuka kwa magoti, taratibu, akakiokota, akainuka bila kushikwa mkono.