Maziwa Kiunoni mwa Mwenyekiti

Jumanne, saa nne asubuhi, Gibson alifika kwenye kibanda cha Hashimu karibu na stendi ya Bunda akiwa na ngozi mbichi ya ng'ombe ndani ya kiroba. Akaiweka juu ya viatu vilivyokuwa vikisubiri soli, bila kuuliza, akasema anataka ala ya bastola. Kibali alikuwa nacho, bastola alikuwa nayo, ila alikuwa akiibeba kwenye mfuko wa koti, na mkufunzi wake alishamwonya kwamba mtu abebaye hivyo iko siku atajipiga risasi ya paja.

"Wezi wa ng'ombe wamezidi, fundi," alisema. "Sisi wa kamati wanatuwindaga. Siwezi kutembea mikono mitupu."

Gibson alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya kijiji kimoja huko Butiama, mtu mpana mwenye simu mbili na sauti ya mikutano. Ngozi ilitokana na ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi ya binti yake, naye hakuona sababu ya kununua nyingine.

Hashimu Abdulsalam alikuwa ameshona ngozi kwa miaka thelathini na minane, na alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku ile. Ni ule unaomkuta mtu akishatambua kwamba kila mteja atakayekuja mpaka siku ya kufa kwake ataitaka kazi jana. Alivua miwani akauliza, "Ya kiwanjani, au ya kuficha?"

"Moja haiwezi kufanya zote?"

"Inaweza, mwenyekiti. Itafanya zote vibaya."

Akamweleza. Ya kwenye kiwanja cha shabaha hukaa nje ya kiuno, mdomo wake mgumu, usiojifunga bastola ikishatoka, ili mtu airudishe kwa mkono mmoja bila kuinama kuchungulia. Ya kuficha huingia ndani ya suruali, imelala mwinamo kidogo ili kishikio kisichomoze chini ya shati. Zote mbili lazima zifunike vizuri pale kidole kinapofyatulia, na zote zinahitaji mkanda mpana, maana mkanda mwembamba hupinduka na bastola ikapinduka nao. Gibson akasema basi amtengenezee zote mbili, ngozi si ipo. Hashimu akachukua vipimo, akamwomba bastola asiitoe tena pale mezani, akachonga mifano yake miwili kwa mti wa mvule.

Ngozi ililoweshwa kwenye maganda ya miti kwa wiki sita. Alipoitandaza na kuikwangua aliiona chapa ya moto: duara lenye miguu miwili. Ng'ombe wa Gibson huchomwa herufi G, jambo ambalo kila anunuaye ngozi Bunda analijua. Hashimu aliikodolea macho ile chapa muda mrefu. Alijiambia kwamba ng'ombe huuzwa na kununuliwa. Kisha akakata ala ya kiwanjani kwa namna ambayo chapa iliangukia upande wa ndani, ikitazamana na bastola.

Ala zote mbili zilikuwa zinaning'inia darini zikikaukia kwenye ile mifano ya mvule wakati mwanamke mmoja alipoingia na karatasi ya daftari. Jina lake Tabitha, mjane kutoka Mwitongo. Alikuwa ameshapita mnadani na kwa wachuna ngozi wote. Kwenye karatasi alichora duara lenye miguu miwili.

"Ni ng'ombe wangu Kijivu, mzee wangu," alisema. "Nilikuwaga naye mmoja tu. Nimepeleka kwenye kamati, mwenyekiti ameandika, ananiambia nitafute ushahidi. Hujaiona hii alama?"

Ala zilikuwa zinaning'inia nusu mita juu ya kilemba chake. Hashimu alisema, "Sijaiona, mama." Akampa maji, mwanamke akayanywa, akashukuru, akaenda zake. Hashimu hakula mchana ule. Alimwambia mkewe kwamba ni tumbo.

Gibson alizichukua ala zake Ijumaa. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa amevaa ile ya kuficha, alilowa mpaka gotini. Alidhani ni jasho, lakini jasho halina povu. Yalikuwa maziwa, ya moto, kama lita mbili na nusu. Jioni yakaja tena, pungufu kidogo. Siku iliyofuata alizitundika zote mbili ukutani, na saa ileile ukuta ukalowa chini ya misumari yote miwili. Mkewe akasogeza beseni.

Alimpelekea mkufunzi wake, Apolinary, askari mstaafu aliyekuwa akiendesha kiwanja cha shabaha nyuma ya vilima. Apolinary aliichomoa bastola, akainusa, akaifuta.

"Maziwa yana chumvi," alisema. "Bastola itakula kutu. Utakuwa unaipaka mafuta asubuhi na jioni. Na hii ya kuficha achana nayo, inakulowesha. Vaa ya nje, yatadondoka chini."

"Nanunua ya dukani."

"Nunua."

Alinunua ya plastiki, ya Mwanza. Kwenye kikao cha kwanza aliinama kuokota kalamu na bastola ikamtoka, ikazunguka sakafuni mara mbili mbele ya wajumbe. Akairudia ngozi. Apolinary alimsifu: mdomo haufungi, bastola haichezi, mkono unaikuta ilipo. Kwa kazi ya ala, alisema, hajaona bora kuliko ile. Basi Gibson akachagua ya kiwanjani, akawa anaivaa kila mahali, wazi, nje ya shati, na saa ya kukamua ikifika anasimama kando kwenye majani mpaka iishe. Watu waliokuwa na shida naye walijifunza kuja baada ya saa moja asubuhi.

Habari zilimfikia Tabitha. Alikuja alfajiri na jagi, akakinga, akaonja.

"Ni Kijivu," alisema.

"Suala lako liko kwenye kamati, mama," Gibson alimjibu. "Upelelezi unaendelea. Ila maziwa chukua, mimi yananichafulia viatu."

Tangu hapo akawa anakuja asubuhi na jioni. Mjukuu wake akarudi kunywa chai ya maziwa.

Mwezi wa pili tangu hapo, Hashimu alipigiwa simu na Gibson. Mshono umeachia pembeni, maziwa mengine yanapotea, aje Butiama na vifaa vyake. Alienda bila kinyongo na bila hamu. Aliwakuta wamesimama uani, Gibson ameshika kiuno akisoma ujumbe kwenye simu, Tabitha amechuchumaa na jagi ubavuni pake. Hashimu alimsubiri Tabitha amalize kukinga. Kisha Gibson akatoa bastola akaiweka kwenye kiti, akavua ala, akampa.

Hashimu alikaa kwenye kigoda. Alijua kazi ile haiwezekani bila kufumua mshono wote, na alijua kilichomo ndani. Alifikiria kusema anahitaji kwenda nayo Bunda. Lakini mwanamke alikuwa ameshachuchumaa mbele yake kuangalia, kama watu wanavyokaa kuangalia mgonjwa akifunguliwa bandeji. Akafumua. Ngozi ikafunguka kama daftari, na chapa ikawa pale juani, duara na miguu yake miwili.

Wote watatu waliiona. Kuku walikuwa wakiparua chini ya kihenge.

Tabitha aliigusa kwa kidole, akazunguka duara lote. "Huu mguu wa kushoto mume wangu alikosea," alisema. "Ng'ombe alirusha teke." Akamtazama Hashimu. "Na wewe uliiona, mzee wangu."

"Niliiona, mama," Hashimu alisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amelibeba neno lile miezi miwili, na sasa amelisema, na halikuwa na kazi yoyote.

Tabitha akamgeukia Gibson. "Mwenyekiti, ulisema ushahidi."

Gibson aliitazama chapa, akatazama saa. "Ulete kwa maandishi," alisema. "Fundi, shona. Nina kikao cha wizi wa mifugo saa mbili."

"Hata mimi nilikuja kwenye ile harusi," Tabitha alisema, si kwa hasira. "Nilipewaga sahani mbili."

Hashimu akashona. Alishona vizuri, nyuzi mbili zilizotiwa nta, kwa sababu mikono yake haikujua kushona vibaya, na kwa hilo aliichukia mikono yake. Alipomaliza, Tabitha akamuuliza ngozi kama ile hudumu muda gani.

"Ikitunzwa? Miaka ishirini."

"Na isipotunzwa?"

"Inakauka. Inapasuka ndani ya miaka miwili, mitatu."

Tabitha aliwaza. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Akafungua fundo la kanga, akatoa kikopo cha samli aliyoitengeneza kwa maziwa yaleyale, akaichukua ala magotini mwa fundi. Akaipaka kwa vidole viwili, taratibu, kuanzia mdomoni kushuka chini, jinsi mtu anavyopaka chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua. Hakuacha hata mkunjo mmoja. Ngozi ikang'aa.

Gibson aliivaa, akasukuma bastola ndani, akaichomoa, akairudisha. Haikutoa sauti.

"Sasa ndiyo imelainika," alisema, akachukua simu zake.

"Jioni usichelewe kurudi, mwenyekiti," Tabitha alimwambia, akifunika jagi. "Akicheleweshwa kukamuliwa anaumiaga."