Visima Ambavyo Hatukuviandika

Ili kuchora ramani ya maji ya chini ya ardhi, nilikuwa na visima tisa tu, vingi vikiwa upande wa Awendo. Kwa kila kimoja kampuni yetu ya kuchimba visima ilikuwa imeandika jinsi mwamba wa pale unavyopitisha maji. Sehemu zilizobaki, hadi Kisegi kando ya ziwa tulikotakiwa kuchimba, nilizikadiria kwa hesabu: kisima cha karibu kina usemi zaidi, cha mbali kina usemi mdogo. Kompyuta ikapaka Kisegi buluu, yaani kuna maji. Nikachora ramani ya pili kuonyesha mahali ambapo kadirio si la kuaminika. Kisegi yote ikawa nyekundu.

Injinia Obare, mkuu wangu, akaiondoa kwenye ripoti. "Hii itawachanganya watu, Celestine. Ile ya buluu inatosha."

Nikasaini ripoti hivyo hivyo. Ndivyo nilivyo.

Siku moja kabla ya mashine ya kuchimba kufika Kisegi, nilienda kukagua mahali pa kisima, shamba la Mama Phelesia. Alikuwa ameng'oa mihogo michanga ili kupisha kisima. Katika mradi huu kijiji chao kilipewa kisima kimoja tu. Kikikosa maji, wangeendelea kunywa ya ziwani, yale yaliyompa mjukuu wake kipindupindu.

"Mtapata kweli, nyara?" akaniuliza. Kwa Kijaluo, aliniita binti yake. "Kwa shemeji yangu walikosa. Kanisani wakakosa. Shuleni pia."

"Kina nani?"

"Si nyinyi? Kwani huko ofisini hamsalimiani?"

Alinipeleka kuyaona. Mashimo matatu, kila moja limezibwa kwa saruji, na jina la kampuni yetu juu yake. Nikampigia Injinia simu, nikamuuliza kwa nini hayamo kwenye rekodi.

"Kikavu hatuandikangi," alisema kwa utulivu. "Hakina maji ya kupima. Ungeandika nini?"

"Sufuri."

"Na ukijaza sufuri, nani atatupa kazi?"

Tulikuwa tumewauliza waliofaulu peke yao kama mtihani ulikuwa rahisi, kisha jibu lao tukalifanya ramani. Niliketi hapo hapo, nikafungua kompyuta na kuingiza mashimo yale matatu kama sufuri. Buluu ikatoweka shambani kwa Mama Phelesia.

Kesho yake watu walikusanyika kando ya mashine. Injinia akatandaza ile ramani ya zamani mbele ya chifu. Nikasimama.

"Hiyo si kweli," nikasema. "Tulichimba mara tatu hapa karibu, tukakosa, tukaficha."

"Huyu ni wa kompyuta tu," Injinia akacheka. "Shambani amekuja jana."

Mama Phelesia hakucheka. "Injinia, mashimo hayo uliyajua wakati naambiwa ning'oe mihogo?"

"Mama, hayo hayakuwa kwenye mkataba."

Chifu akamtazama dereva wa mashine, kisha ardhi. Mama Phelesia akaenda akaketi mbele ya magurudumu, akinyoosha miguu kama mtu anayechambua dagaa wa omena. Wanawake wengine wakamfuata.

"Celestine, ingia kwenye gari," Injinia akaniamuru.

Nikaenda nikaketi nao.